Bibi, Mwali na Kisima Kisichokuwepo

Nilifika Ruangwa siku ya kuanua matanga, nimechelewa kumzika Mwalimu Hassani lakini sijachelewa ubwabwa wake, kama ambavyo yeye mwenyewe angenitania. Nilikaa jamvini na wanawake, magoti yangu ya uzee yakigoma kukunjika, na pembeni yangu akaja kuketi mjukuu wake Mwanaidi, binti anayefanya kazi za kompyuta Dar es Salaam. Akaniuliza kwa adabu, "Bibi, samahani, wewe na babu mlikuwa mnafanya kazi gani hasa?" Nikamwambia tulikuwa tunafinya mafaili. "Kufinya? Yaani kuzipu?" Nikamwambia sijui ninyi mnaitaje, sisi tuliita kufinya. Binti akaweka sahani chini. "Huku Ruangwa? Enzi hizo? Jamani bibi, usinipige fiksi!" Wanawake wawili wakageuka kututazama. Nilikasirika, sikatai, mimi hasira zangu ziko karibu tangu utotoni. Halafu nikaanza kucheka, na katikati ya kicheko yakanijia machozi ambayo njia nzima ya basi yalikuwa yamenigomea, maana marehemu angeifurahia mno dharau ile. Alikuwa mtu wa kufurahia kudharauliwa. Alisema inampa nafasi ya kufanya kazi bila makelele.

Nilitoka wapi na nilizaliwa na nani si habari ya leo. Inatosha kusema mimi ni mtu wa nchi ya baridi, na kwamba mwaka mmoja katikati ya miaka ya themanini nilipelekwa Nachingwea na mradi wa visima, kwa sababu nilijua kupiga taipu na nilikuwa nimepita kozi fupi ya kompyuta ambayo wenzangu wengi waliikimbia. Ofisi yetu ilikuwa katika mojawapo ya zile nyumba za wakati wa mradi wa karanga wa Waingereza, zenye baraza pana na bati lililopauka. Chumba changu cha kazi kilikuwa zamani chumba cha kulala cha mzungu fulani, na kabati lake la nguo ndilo tulilowekea diski. Madirisha niliyafunika kwa khanga kuzuia vumbi, nikafanya kazi kwenye mwanga wa maua mekundu na methali zilizoandikwa kinyume. Nje jenereta iliunguruma, na msimu wa korosho moshi wa kuzichoma uliingia mpaka kwenye nywele zangu. Nilipanga chumba nyumba ya jirani, na ukuta ulikuwa mwembamba, kwa hiyo jioni nilisikia ninavyosemwa. "Yule dada wa baridi anafuga mashine," mwenye nyumba alimwambia mwenzake wakichambua kunde. "Anaifunika nguo ikilala." Mwenzake akauliza, "Inakula nini?" "Dizeli." Yule mwenzake akasema afadhali hiyo kuliko mume. Nililala nimeziba mdomo kwa shuka.

Mashine yenyewe tuliiita Bibi. Ilikuwa ya kubebeka: ukiifunga mfuniko ungeapa kwamba ni cherehani, na kioo chake hakikuzidi ukubwa wa bahasha. Kazi yangu ilikuwa kuingiza habari za visima vyote ambavyo vijana wetu wa uchunguzi walivikuta vijijini, kila kijiji na faili lake, kila kisima na mstari wake: kina chake, maji yake matamu au ya chumvi, kina pampu au cha kienyeji, na mwishoni maelezo mafupi. Majibu yalikuwa yaleyale. "Hukauka kiangazi" niliyaandika mpaka vidole viliyajua bila mimi. Diski zilikuwa chache, na kuagiza nyingine ilikuwa kama kuagiza mvua, ndipo ikatufaa programu ya kufinya. Ilichukua yale yanayojirudia sana ikayapa alama fupi, yale ya nadra ikayapa alama ndefu, na faili kubwa likawa dogo. Ukilikunjua, kila herufi inarudi mahali pake. Aliyeiandika programu hiyo ni mtaalamu mgeni aliyekaa nasi msimu mmoja, akaugua malaria, akarudi kwao, akatuachia karatasi za programu na soksi zake kwenye kamba. Soksi alizichukua mlinzi. Karatasi nikabaki nazo mimi, nikizisoma kila jioni kama mtu anayesoma barua ya lugha asiyoijua vizuri, mpaka lugha ikazoeleka.

Kisha mradi ukafungua ofisi Ruangwa, iliyokuwa bado haijawa wilaya, ikapewa kompyuta mpya kubwa. Hiyo ilishushwa kwenye Landrover imefunikwa kitenge gubigubi, na akina mama waliokuwa wakipita wakapiga vigelegele wakidhani anatolewa mwali wa unyago, na jina la Mwali likaishika hapohapo. Wa kumtunza Mwali alikuwa Hassani, aliyekuwa akifundisha hesabu kabla mradi haujamchukua, na watu wote, hata bosi, waliendelea kumwita Mwalimu. Mtu mwembamba, shati limechomekwa, anayeongea polepole mpaka ukatamani kummalizia sentensi. Bosi wetu, Bwana Lazaro, mhandisi mwenye sauti ya kuhutubia hata akiomba chumvi, alitaka mafaili yote ya Nachingwea yahamie kwa Mwali, kwa sababu Mwali ndiye angetoa orodha ya vijiji vya kuchimbiwa. Nikaona ni jambo la asubuhi moja. Nilidhani kompyuta ni kompyuta, kama ugali ni ugali. Kumbe Mwali hakuweza kusoma diski za Bibi hata moja, na programu ya kufinya aliikataa kabisa, akawa anatuandikia malalamiko ya Kiingereza.

Basi nikampakata Bibi kwenye Landrover, njia nzima ya vumbi, kila shimo nikiinua mapaja kumkinga, na tukawaunganisha wale wawili kwa waya. Habari zilipita kwenye waya ule polepole kama asali ya baridi, na dizeli tulipimiwa, kwa hiyo ilibidi zipite zikiwa zimefinywa, zikunjuliwe upande wa pili. Na ili zikunjuliwe ilibidi programu ihamishwe, mstari kwa mstari, iandikwe upya kwa namna Mwali anavyoelewa. Nilikwenda na kurudi kati ya Nachingwea na Ruangwa kiangazi kizima. Mwalimu alikuwa na nakala yake, mimi yangu, na kila mmoja akibadilisha kitu kwake ilimpasa amwambie mwenzake, la sivyo mashine hazielewani. Tukatukanana sana. Mimi ndiye niliyetukana, yeye alisema, "Dada Anyesi, tuanze tena pale juu," kwa sauti ileile ya darasani, na tukaanza tena pale juu. Watu walisema tulikuwa wapenzi. Hatukuwa. Lakini nimeolewa, nimefiwa na mume mwema, nimelea watoto, na sijapata tena furaha ya aina ile, ya watu wawili wanaoinamia karatasi moja na mmoja kunyoosha kidole kabla mwenzake hajasema.

Jumapili moja alinipeleka kwao, upande wa Chinongwe, kumwamkia mama yake. Bi Somoe alikuwa mfupi, mwenye kucheka bila sauti, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu, akikatisha kwa Kimwera pale maneno yalipomwishia. Alikuwa ametuchemshia ming'oko, ile mizizi ya porini ambayo nilikuwa nimeidharau mpaka siku hiyo, pamoja na mbaazi zilizoungwa kwa karanga. Kabla ya kula nikapewa kata ya maji. Kwetu ni nchi ya mito. Nikanawa kama kwetu, nikasukutua, nikamwaga yaliyobaki kwenye mchanga, nikanyoosha kata niongezewe. Bi Somoe akanitilia tena. Ni Mwalimu aliyeniambia baadaye, njiani, kwamba maji yale yanafukuliwa mchangani kwenye korongo, kwamba kiangazi wanawake hukaa pale toka alfajiri wakingoja shimo lijae, na kwamba yale niliyonawia mimi ndiyo mama yake angeyapikia jioni. Alisema polepole, hakulaumu. Akaongeza kwamba kijiji chao kimo kwenye faili, hakina kisima hata kimoja cha maana, na mtambo wa kuchimbia ukianza kazi lazima ufike kwao, maana orodha inaanza na wasio na kitu. Nilimwona jinsi alivyoiamini orodha ile, na nikaiamini na mimi.

Orodha ilipotoka, kijiji cha akina Hassani hakikuwemo. Nilikuwapo chumbani, karatasi ikitoka kwenye printa kwa kelele zake. Mwalimu aliisoma mara moja, akaisoma tena, akaenda kulifungua faili la kwao kwa Mwali. Lilionyesha visima vya kienyeji vya chumvi, kama tulivyovijua, na chini yake kisima kimoja cha pampu, maji matamu, mwaka mzima. Kisima hicho hakikuwapo duniani. Bwana Lazaro aliitwa, akasoma, akavua miwani. "Mwalimu, kisima hiki hapa kimeandikwa." "Kimeandikwa, bosi, lakini hakipo. Mama yangu anakunywa maji ya mchanga." "Ndilo tatizo. Ni mama yako." Akageukia dirisha, sauti yake ya mkutano wa hadhara ikapungua. "Unajua sheria ya ofisi hii. Hakuna mtu kugusa faili la kijiji cha kwao. Nikikufutia wewe mstari mmoja, kesho kila mfanyakazi ataniletea kijiji cha bibi yake. Na kutuma watu wakakague upya hatuna gari, mtambo unaondoka kabla ya masika." Nilitaka kumrukia. Lakini hakuwa mtu mbaya, na hadi leo sijui mimi ningeamua vipi katika kiti chake. Kitu alichotuachia ni kimoja: mkiweza kunionyesha kisima hiki kimetoka wapi, nitakiondoa kwa mkono wangu. Mtambo ulikuwa umeshaanza kazi kijiji cha kwanza.

Kwa Bibi faili lile halikuwa na kisima hicho, ila mtu angeweza kusema tumekifuta sisi. Siku zilizofuata Mwalimu hakuwa mtu wa kukaa naye. Hakula, hakutania, alisoma programu yake toka juu mpaka chini akitafuta pale alipokosea. Mimi niliusoma ule mstari. Niliusoma na kuusoma, na kila nikifika kwenye maelezo ya mwisho kitu kilinikwaruza. Yalisema: "mpini umelegea, fundi aje." Ghafla nikakumbuka chumba changu cha Nachingwea, khanga dirishani, na mimi nikiyaandika maneno hayo kwa vidole vyangu huku nikimcheka yule kijana wa uchunguzi, aliyenisimulia kwamba mpini huo ulimpiga kidevuni akiwa anajisifia mbele ya wasichana. Ilikuwa Ruponda. Nikasema kwa sauti, "Mwalimu, kisima hiki nakijua! Ni cha Ruponda, upande mwingine kabisa! Kimetembea!" Aliniangalia kama mtu aliyeambiwa mgonjwa kafumbua macho. "Faili la Ruponda ulilifinya lini?" "Kabla ya la kwenu. Palepale, moja baada ya jingine." Akakaa chini, akafunga macho, na kwa mara ya kwanza nikamwona akiongea haraka.

Mambo yalikuwa hivi. Bibi, kwa umri wake, alipima mafaili kwa kibaba. Hakujua nusu kibaba. Faili likiishia katikati, alikijaza kibaba kwa chochote kilichosalia ndani yake kutoka kazi iliyopita, kama muuzaji anayejazia mchele wa jana juu ya wa leo. Kwake haikudhuru, kwa sababu yule mgeni mwenye soksi aliweka alama ya mwisho, na Bibi akiiona anaacha kukunjua. Mwali alipima punje kwa punje, urefu wa faili aliujua kamili, na Mwalimu alipoihamisha programu aliona alama ile ni mzigo usio na kazi, akaiondoa, nami nikamsifu kwa usafi. Kikulacho ki nguoni mwako. Lakini mafaili ya Bibi yalimfikia Mwali kwa vibaba vizima, naye akawa anakunjua mchele wa leo na wa jana wote pamoja. Mara nyingi mabaki yalitoka kama takataka, herufi mbili tatu za ovyo mkiani, ambazo sisi wawili tulizifuta bila kujiuliza, tukidhani ni vumbi la kwenye waya. Kwa akina Hassani mabaki yalitosha kuwa mstari mzima, unaosomeka, wenye maji matamu.

Kujua si kuonyesha, na Bwana Lazaro hakuwa mtu wa kuelezwa habari za vibaba. Mwalimu akachukua kwa Bibi nakala ya faili la kwao, isiyo na kisima cha pampu, akabadilisha jina la kijiji tu, akakiita Lazaro. Tukamwita bosi mchana, jenereta ikiwaka, na mbele yake nikalifinya faili la Ruponda kwa Bibi, halafu la kijiji cha Lazaro. Likapita kwenye waya. Sote watatu tulisimama tukitazama mistari ikipanda, kisima cha chumvi, kisima cha chumvi, hukauka kiangazi, na chini kabisa, pampu, maji matamu, mpini umelegea, fundi aje. Bosi akasogeza uso kwenye kioo. Kisha akasema, "Kwa hiyo na mimi nimepata kisima." "Umepata, mzee," Mwalimu akajibu, uso mkavu. "Ila mpini utakupiga." Nilicheka mpaka nikashika meza, na Bwana Lazaro naye akashindwa kujizuia, akacheka kicheko kikubwa kilichomleta mlinzi mlangoni. Halafu akavuta kiti, akauliza kwa utaratibu ni mafaili mangapi mengine yamejaziwa, na hapo nilimheshimu. Tukairekebisha programu kwenye mashine zote mbili: idadi kamili iandikwe mwanzoni mwa kila faili, Bibi aiandike, Mwali aihesabu, ikiisha asimame. Tukakunjua vijiji vingine vyote upya. Mstari ule wa akina Hassani akaufuta bosi mwenyewe, kwa kidole kimoja, herufi kwa herufi.

Mtambo ulifika upande wa Chinongwe mawingu yakiwa yameshaanza kujikusanya, na dereva wake alilalamika kila hatua kwamba atakwama. Nilikuwa nimeomba ruhusa. Kijiji kizima kilikuwa pale, watoto wamepakwa vumbi jeupe lililorushwa na mtambo, wazee wakibishana kama ardhi inaumia inapotobolewa. Muda mrefu lilitoka vumbi tu. Mwalimu alikuwa amekaa mbali, juu ya mzizi wa mkorosho, amewapa mgongo, na sikumsogelea kwa sababu niliogopa kuuona uso wake. Nilikuwa nikiwaza kwamba orodha haichimbi maji, kwamba tumeondoa kisima cha karatasini na huenda chini ya ardhi napo hamna kitu. Kisha vumbi likawa zito, likawa tope, na tope likawa maji, na kelele za wanawake zikafunika mtambo. Fundi aliyaonja, akatema, akaonja tena, akainua kidole gumba. Hayakuwa na chumvi.

Bi Somoe hakukimbilia maji. Alikuja kwanza kwangu, polepole, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Mwanawe alikuwa amemweleza kadiri mtu anavyoweza kuyaeleza mambo yale kwa Kimwera. "Mwanangu," akasema, akitafuta maneno, "wakubwa wengi wamekuja hapa. Kila ntu anasema, nitawaletea kisima. Tukapiga makofi. Sikuona." Akaelekeza kidevu kule yanakoruka maji. "Wewe peke yako umekuja kutuondolea kisima. Ndiyo tumepata." Akacheka kile kicheko chake kisicho na sauti, mabega yakitikisika. Mimi niliyezoea kujisifu kwamba silii mbele za watu nililia pale kama mtoto aliyepotea sokoni, na Mwalimu Hassani, aliyekuwa amekwisha inuka kutoka kwenye mzizi wake, akasimama katikati yetu na umati, akatugeuzia mgongo, akajifanya anautazama mtambo, mpaka nilipomaliza.